Bili za Aprili na jua la Leicester

Swali: Shikamoo kaka. Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka 6 na 9, tunaishi Leicester kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba viwili. Nahudumia wazee majumbani kwa viza ya kazi, mume wangu yuko ghalani. Majira ya kuchipua yameingia na watoto wanataka kutoka kila siku, lakini Aprili imekuja na bili zote kwa pamoja: kaunsili, maji, umeme. Hita nimezima tangu mwisho wa Machi, ila gesi wananikata hela ileile. Nyumbani Tanga nako simu haziishi. Mume wangu anasema tutulie ndani mpaka mambo yakae sawa, tutafurahi kiangazi. Na huyu mdogo kang'ang'ania trampolini. Tufanyeje?

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na mume wako, maana ndiye ninayepingana naye. Kungoja kiangazi ndiyo njia ya gharama. Kiangazi hicho shule zinafungwa karibu wiki sita, watoto wanashinda nyumbani wakifungua friji kila baada ya dakika kumi, tiketi za kwenda Dar zinapaa, na kila mwenye kiwanja cha kuchezea anajua kuwa huna pengine pa kuwapeleka. Majira ya kuchipua ndiyo nafuu kuliko majira mengine yote hapa Uingereza. Hita imezimwa, jua lipo, shule haijafungwa moja kwa moja, na mazuri mengi ya msimu huu hayana geti wala mkata tiketi. Yanaonekana ghali kwa sababu tu bili za mwaka mzima zimepangiwa kubadilika humohumo.

Siku yenyewe ni 1 Aprili. Mwaka wa fedha wa kaunsili, yaani halmashauri ya mji, huanza siku hiyo, kwa hiyo kodi ya kaunsili inakuja na kiwango kipya. Kampuni za maji nazo vivyo hivyo. Ofgem, ambao ndio wasimamizi wa soko la umeme na gesi, hubadilisha dari la bei, yaani kikomo cha bei ambacho kampuni zinaruhusiwa kutoza, kila miezi mitatu: Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Tuliokuwa hapa 2022 hatujasahau: 1 Aprili ya mwaka ule dari lilipanda kwa asilimia 54 kwa mkupuo mmoja, na ilipofika Oktoba mfumuko wa bei ukagonga asilimia 11.1. Baada ya hapo mfumuko ulipoa, lakini kupoa kwake hakukushusha bei. Ziliendelea kupanda, ila polepole, kutoka pale juu zilikofika. Kwa hiyo ukiona mshahara hauvuki wiki ya tatu, usidhani umekuwa mbadhirifu ghafla.

Nipe jioni moja tu. Watoto wakilala, toa bahasha zote uziweke mezani, pamoja na zile zilizojificha nyuma ya mkebe wa sukari.

Kaunsili kwanza, kwa kuwa ndiyo isiyo na subira. Bili ya mwaka kwa kawaida hugawanywa mafungu kumi, Aprili hadi Januari. Wengi hawajui kwamba wana haki ya kuomba mafungu kumi na mawili. Tuseme bili yenu ni pauni 1,800: kwa mafungu kumi mnatoa 180 kila mwezi, kwa kumi na mawili mnatoa 150. Hizo ni pauni 30 zinazorudi mfukoni kila mwezi kuanzia sasa, bila kumwomba mtu msaada. Wapo wanaopenda ile Februari na Machi isiyo na malipo. Mimi nimekaa na watu wengi mezani, na mara nyingi naiona miezi hiyo miwili ikimezwa na madeni ya Krismasi, kwa hiyo nakushauri uende kwenye kumi na mawili. Waandikie wiki hii. Wakati huo huo usiruhusu fungu hata moja likupite kimyakimya. Ukikosa, barua ya ukumbusho inakupa siku 7. Zikipita, wanaweza kudai bili nzima ya mwaka kwa mara moja, halafu unafuata wito wa mahakama na gharama zake juu. Ukiona mwezi huu hutaweza, piga simu kabla ya tarehe, si baada.

Hapa nisimame kidogo, maana umetaja viza. Kuna punguzo la kodi ya kaunsili kwa wenye kipato kidogo. Punguzo hilo limo katika orodha ya misaada ya umma, ile inayoitwa public funds. Kama masharti ya viza yenu yanasema hamruhusiwi misaada hiyo, msiliombe, hata kama jirani mwema amekwisha kuwajazia fomu. Kosa la namna hiyo linaweza kukurudia siku ya kuongeza viza. Mkiwa na shaka, muulizeni mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, si mtu wa kwenye kundi la WhatsApp. Lile punguzo la asilimia 25 la mtu mzima anayeishi peke yake halimo kwenye orodha, ila ninyi mko wawili, haliwahusu.

Chakula cha bure cha shuleni ni habari nyingine, hakihesabiwi kuwa msaada wa umma. Huyu wa miaka 6 anakipata bila kipato chenu kuulizwa, kama watoto wote wa shule za serikali za England walio katika madarasa matatu ya mwanzo. Kwa huyu wa miaka 9, upo utaratibu wa familia zenye masharti kama yenu ambazo kipato chao hakivuki kiwango fulani, na ofisi ya shule ndiyo inayoujua. Nenda kaulize. Ukiwa hapo hapo dirishani, uliza na mpango unaoitwa HAF. Ni siku za michezo pamoja na chakula wakati wa likizo za Pasaka, kiangazi na Krismasi, na kwa watoto wanaostahili ni bure. Nafasi zinajaa mapema, na huwa naumia kuona ni familia zetu zinazochelewa kwa sababu barua pepe ya shule haikusomwa.

Sasa gesi. Hela unayokatwa benki kila mwezi si ya gesi ya mwezi huo. Kampuni inakadiria matumizi yenu ya mwaka mzima na kuyagawa kwa kumi na mbili, ili Januari isikuue. Ndiyo maana umezima hita na makato yako palepale: kuanzia sasa hadi Septemba unaweka akiba kwao, na kuanzia Oktoba mtaila. Ukiwalazimisha washushe kwa sababu tu jua limetoka, utakuwa unakula hela ya majira ya baridi. Lakini angalia salio la akaunti yenu mwezi huu wa Aprili, kwa sababu salio la Aprili ndilo linalosema kweli. Baridi imekwisha kula ilichokula. Kama bado mna mamia ya pauni mnawadai, basi wamekuwa wakikata kupita kiasi: wapelekee namba za mita, dai warudishe, na uwatake wakueleze wamepigaje hesabu ya makato. Salio likiwa karibu na sifuri, liache. Likiwa hasi, afadhali ujue sasa kuliko Novemba.

Na wanaosoma hili wenye mita ya kadi, tahadhari. Ada ya kila siku inaendelea kuhesabiwa hata kama hamjawasha jiko. Mtu anaacha kuweka hela ya gesi kuanzia Mei, anafurahi, halafu Oktoba anaweka pauni 20 na mita inazimeza zote kulipia siku zilizopita. Tieni kidogo kidogo hata kama nyumba ina joto.

Maji nitayapita haraka. Kila kampuni ya maji England ina kiwango cha chini kwa wenye kipato kidogo, na hicho si msaada wa umma. Piga simu uulize. Kufunga mita ya maji huwasaidia zaidi watu wachache kwenye nyumba yenye vyumba vingi. Ninyi watu wanne kwenye vyumba viwili, sidhani.

Kuna kitu kimoja cha Aprili kinachopanda kwa faida yenu, nacho watu hawakikagui: kima cha chini cha mshahara. Kwa wenye miaka 21 na kuendelea kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kuanzia Aprili 2025, na kuanzia Aprili 2026 ni pauni 12.71. Chukueni hati za mshahara za mwisho wa mwezi, yako na ya mumeo, mzigawe kwa saa mlizofanya kweli. Wewe unayezunguka majumbani kuwa makini zaidi, maana muda wa kusafiri kutoka kwa mzee mmoja hadi kwa mwingine ni muda wa kazi katika hesabu hiyo. Ukilipwa zile nusu saa unazokaa na wazee tu, huku saa nzima imepotea ndani ya basi, huenda uko chini ya kima bila kujua. Acas, shirika la ushauri wa haki za kazini, wanatoa ushauri wa simu bure.

Jioni ya bahasha imeisha. Sasa utaona kwamba majira haya yana hela yake ndani, ila haipigi kelele kama bili. Chukua mashine ya kukaushia nguo. Ile ya kawaida hula yuniti nne hadi tano kwa mzigo mmoja, na yuniti moja ya umeme miaka hii imekuwa ikicheza kwenye peni 25 hivi, kwa hiyo kila mzigo ni pauni moja na ushee. Familia ya watu wanne yenye sare za shule na sare za kazi inakausha mizigo minne kwa wiki bila shida. Funga kamba uani, anika kama Tanga, na mwezi ukiisha umeokoa pauni 17 au zaidi. Jumlisha na zile 30 za kaunsili. Hizo 47 usiziache zizurure kwenye akaunti, zitaenda na duka la jirani. Zigawe leo: sehemu iwe akiba, sehemu iwe ya kufurahi na watoto, na ile ya kufurahi itajwe kwa kiasi na kila mtu nyumbani aijue. Mtoto wa miaka 9 akiambiwa kwamba mwezi huu kuna pauni 20 za matembezi, atakushangaza kwa ubahili.

Kwenye matembezi yenyewe, watu hukosea kwa kuyarundika Jumamosi. Saa zikisogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, jioni inarefuka ghafla, na kufikia katikati ya Aprili jua la Leicester linazama kama saa mbili usiku. Hizo ni jioni tano kwa wiki ambazo Januari hamkuwa nazo. Mtoto akitoka shule, ale, kisha nendeni Abbey Park dakika arobaini tu, akakimbie kando ya mto Soar na kutazama mabata. Siku uliyo kwenye zamu ya jioni, mumeo awapeleke. Matembezi mafupi ya jioni hayadai aiskrimu kama ya Jumamosi mchana, na wakirudi wanalala.

Siku moja ya wikiendi, nendeni Bradgate Park, nje kidogo ya mji. Kuingia kwa miguu ni bure, gari ndilo linalolipiwa maegesho, kwa hiyo mkipanda gari moja na familia nyingine mnagawana. Kuna deer, wanyama wanaofanana na swala, wanaotembea huru kati ya mialoni mizee. Kuna magofu ya nyumba ya Lady Jane Grey, yule binti aliyekuwa malkia kwa siku tisa mwaka 1553. Kilimani uko mnara wa Old John, na mtoto wa miaka 9 atataka kuwa wa kwanza kuufikia. Jirani na hapo ni msitu wa Swithland, ambao kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei chini ya miti kunakuwa buluu tupu kwa maua ya blubeli. Watoto wasiyachume wala kuyakanyaga, na kung'oa mmea wa porini bila ruhusa ya mwenye ardhi kumekatazwa na sheria tangu 1981. Mvua ikinyesha, na itanyesha, jumba la makumbusho la New Walk halina kiingilio na lina mifupa ya dinosari.

Hapa kinachoua bajeti ni chakula. Chips na soda kwa watu wanne zinakula zile pauni 20 kwa mara moja. Beba chapati zilizokunjiwa mayai, viazi vya rojo kwenye mkebe, maandazi ya jana na chupa ya chai. Watoto waliozaliwa huku wakati mwingine wanaona haya kufungua mikebe mbele ya wenzao. Haya hizo huisha harufu ya maandazi inapowafikia hao wenzao. Mkipanda basi, nauli ya mtu mzima kwa safari moja England imewekewa kikomo cha pauni 3 tangu Januari 2025 kwenye njia nyingi, ila ulizeni tiketi ya familia kabla hamjalipa mmoja mmoja.

Maduka ndiyo adui mwingine wa msimu huu. Kuanzia Machi yanajaa mayai ya chokoleti, majiko ya kuchomea nyama, viti vya uani na mavazi ya jua, na yanatufanya tuamini kwamba bila hivyo majira hayajafika. Jiko la nyama la pauni 40 linatumika mara mbili, halafu linaoza uani. Azimeni.

Bustani je? Kaunsili zinakodisha vishamba vya mboga, sheria yake ni ya tangu 1908, na Leicester vipo vingi. Jiandikishe kwenye foleni, lakini usikitegemee kwa kuokoa hela mwaka wa kwanza: jembe, mbegu na kodi yake vitakula faida. Anza na ndoo. Migahawa ya chips hutupa ndoo kubwa za mayonezi, zioshe na uzitoboe chini. Sukuma wiki inaipenda nchi hii, panda mbegu sasa na utachuma hadi baridi irudi. Mchicha usiuharakishe. Ukiumwaga kwenye udongo wa Aprili mbegu zitaoza, na baridi ya usiku huku Midlands inaweza kurudi hata katikati ya Mei. Uoteshe dirishani, uutoe nje mwisho wa Mei. Majani ya maboga ni vivyo hivyo. Na kama una rafiki Mkikuyu, mwombe akuoneshe thabai kando ya mfereji. Ni ule mmea unaowasha unaoukwepa kila siku, ncha zake changa zikichumwa kwa glavu na kuchemshwa ni mboga nzuri sana.

Ukianza kupiga chafya na macho kuwasha, usishangae, chavua za miti hutupata hata tuliofika ukubwani. Mwulize mfamasia vidonge vya setirizini visivyo na jina la kampuni kubwa. Dawa iliyomo ni ileile, bei ni sehemu tu ya ile ya pakiti yenye rangi. Kwa watoto mwambie umri wao kwanza.

Nyumbani sasa, na hili najua ndilo lililokukaa kooni. Masika ya Tanga ndiyo wakati wa mbegu na mbolea, kwa hiyo simu za Aprili si uchokozi, shida ni ya kweli. Lakini ukituma kila simu inapolia, anayepata ni anayejua kulia zaidi, na mama anayenyamaza hapati. Kaeni wewe na mumeo mpange kiasi kimoja cha mwezi kwa pande zote mbili, mkitume tarehe ileile, kisha mtu mmoja anayeaminika huko agawe. Michango ya harusi nayo iwe na kiasi chake. Kundi likikupangia pauni 100, una ruhusa ya kuandika 20 na kuwatakia maharusi heri. Watanung'unika wiki moja. Usikope ili utume: mkopo wa kadi mnaolipa hapa kwa riba hautajulikana Tanga. Kama tayari mna deni linalowanyima usingizi, Citizens Advice na StepChange wanasaidia bure, na yeyote anayetaka ada ili akupangie madeni mkimbie.

Trampolini. Kwanza nyumba ni ya kupanga, mwombe mwenye nyumba kwa maandishi. Pili, mwezi huu kila mzazi anaitafuta, hata zilizotumika zinauzwa bei ya juu. Septemba na Oktoba watu wanazitoa karibu bure kwa sababu hawana pa kuziweka wakati wa baridi, sharti tu uje kuifungua mwenyewe. Kagua wavu wa pembeni na springi zenye kutu kabla hujaibeba. Kwa sasa mpeleke kwenye bembea za Abbey Park, na umwambie tarehe.